Ajali haina kinga: ajali ipi, ya gari au ya kuandikiwa?

#1 Kalamu Butu
Wakuu, salama? Juzi tumevunja kufuli la sanduku la bati la marehemu babu. Ndani tumekuta stakabadhi za mkonge, picha mbili zilizoliwa na mende, na barua ya mwaka 1956 kutoka Pangani. Kaka yake anamwandikia, yeye akiwa kazini Dar. Mstari wa tatu unasema: "Nakuarifu kuwa mama ajali yake imemfika usiku wa kuamkia Ijumaa, tumemzika baada ya sala."

Sasa ukoo mzima tumekua tukiambiwa mama yake babu aligongwa na lori. Hadithi ina mpaka rangi ya lori. Nikamsomea barua mzee mmoja hapa mtaani, akacheka sana. "Hapo hakugongwa mtu. Ajali yake imemfika, yaani siku yake imefika, kafa." Anasema zamani ajali ilikuwa ule mwisho ambao mtu kaandikiwa, na ndiyo iliyosemwa kwenye "ajali haina kinga". Magari yamekuta methali ipo.

Nauliza: hili neno lilihamaje kutoka kwenye majaliwa mpaka kwenye basi kupinduka? Na lilipohama, maana ya kale liliiacha nyumbani au lilikuja nayo? Maana naona tukishasema "ni ajali tu", ghafla hakuna wa kuulizwa.

#2 Ngedere Mzee
Nimekaa siti ya mbele. Lori lilikuwa rangi gani?

#3 Kalamu Butu
Kijani. Bedford.

#4 Mtoto wa Makunduchi
Mzee wako yuko sahihi kabisa. Ajal kwa Kiarabu ni muda uliowekwa. Deni lina ajal yake, siku ya kulipa. Uhai nao ni hivyohivyo: Qurani (7:34) inasema kila umma una ajal, ikifika hawaicheleweshi hata saa moja wala hawaitangulizi. Kwa hiyo ajali ni tarehe. Ni kama mkopo, anayekudai anaijua siku, wewe huijui. Kwetu Unguja mtu akifa kitandani na miaka tisini yake bado utasikia wazee wakisema "ajali imefika", wengine "ahadi imefika". Ahadi ndiyo hiyohiyo, miadi.

#5 Dereva wa Masafa
Napinga. Nimefanya kazi Salalah, Oman, miaka minne. Kwa Kiarabu haraka ni ajala, na gurudumu pia ni ajala. Ukichanganya haraka na gurudumu unapata nini? Ajali. Funga uzi.

#6 Bi Ruwi
Mdogo wangu Dereva, usifunge uzi kabla watu hawajala. Niko Muscat mwaka wa ishirini na mbili. Ajala ya haraka na ya gurudumu inaanza na ayn, ile herufi inayotoka kooni. Ajal ya kifo inaanza na hamza. Mwarabu hawezi kuyachanganya hayo mawili. Sisi Waswahili koo zetu zimelainika, tunayatamka sawa, ndipo watu wanapoyaoza. Ndugu wa kweli wa ajali ni "ajili", ile ya "kwa ajili yako". Hao wawili wameandikwa kwa herufi zilezile.

Na jambo jingine: gari zikigongana huku hakuna anayesema ajal. Wanasema haadith.

#7 Ngedere Mzee
Kwa hiyo wakigongana wanatoa hadithi?

#8 Bi Ruwi
Na trafiki akifika kila dereva ana riwaya yake 😂 Haadith ya ajali ina "a" ndefu, maana yake tukio, jambo lililozuka. Ile ya kusimulia ni ndugu yake. Mzizi mmoja.

#9 Mwalimu Mstaafu, Kilifi
Niongeze nyama kwenye #4 na #6. Fungueni kamusi za enzi ya Waingereza muone ajali imefasiriwa vipi: mwisho, kifo, majaliwa. Hizo ndizo maana za mbele, gari linafuata nyuma. Iko pia methali ambayo vijana hawaitumii siku hizi: "Riziki kama ajali, huitambui ijapo." Mnadhani inazungumzia kugongwa? Inasema riziki na mauti vyote vinaingia bila hodi.

Kuhusu namna neno lilivyohama, mimi naona njia ni fupi. Watu walikuwa wakisema "amefikwa na ajali" kwa kila kifo. Kile cha kitandani kilikuwa na maneno mengine mengi ya adabu: amefariki, ametutoka, hatunaye. Cha ghafla hakikuwa na neno lake. Basi ajali ikabaki na vya ghafla, na vya ghafla vikaanza kuja na magurudumu. Hakuna aliyekaa kikao.

#10 Wakili wa Mchangani
Mwalimu, shikamoo. Hapo kwenye "hakuna aliyekaa kikao" nina mashaka. Yalipokuja magari, viwanda na fidia za wafanyakazi, lilitakiwa neno la tukio lenye madhara ambalo mtu hakulikusudia. Bila neno hilo huandiki fomu, hulipi bima. Nadhani ofisi na magazeti vilichangia kuliko misiba. "Bima ya ajali" ukiitafsiri kwa maana ya kale ni bima ya majaliwa. Nani atakukatia hiyo?

Na hofu ya mleta mada ni ya kweli. Nimewahi kusimamia kesi ambayo shahidi aliulizwa dereva alikuwa mwendo gani, akajibu: "Mheshimiwa, ilikuwa ni ajali." Akaulizwa tena. Akajibu vilevile, safari hii kwa unyenyekevu zaidi. Kwake swali lilikuwa limeshajibiwa.

#11 Mtoto wa Makunduchi
Wakili, ofisi haiwezi kuokota neno lisiloelekea huko tayari. Mwalimu ana haki.

#12 Wakili wa Mchangani
Ofisi imeokota maneno mabaya kuliko hilo. Tuliache.

#13 Dereva wa Masafa
Bi Ruwi asante, nimekubali kwenye ayn. Ila nataka kusema kitu.

Nilikuwa utingo kwenye semi ya Dar–Tunduma, kabla sijapata leseni. Tukiwa tunarudi Dar, tulipokaribia mteremko wa Kitonga dereva akaniambia breki zinatoa harufu tangu Morogoro. Tena siyo tangu Morogoro ya safari ile. Tangu Morogoro ya safari iliyopita. Tajiri alikuwa ameambiwa, akasema "nyie mtafika tu, Mungu yupo". Tulipoanza kushuka zikagoma. Dereva akaliegemeza gari ukutani, kwenye mwamba, kiubavuubavu mpaka likasimama. Mimi nikavunjika mkono. Yeye hakutoka.

Msibani kila mtu alisema ajali haina kinga. Tajiri naye alikuja, akatoa rambirambi, akasema hivyohivyo. Nyuma ya ile semi yalikuwa yameandikwa maneno hayohayo kwa rangi nyekundu, na mimi ndiye niliyekuwa nayafuta vumbi kila asubuhi. Kinga ilikuwepo. Iliuzwa dukani Morogoro.

#14 Shangazi wa Nyakabungo
Pole sana mwanangu.

#15 Ngedere Mzee
Pole mkuu. Hapa sina utani.

#16 Ustadhi Mbagala
Pole ndugu Dereva, Mola amrehemu mwenzio. Tajiri wako hakuielewa kadari, aliitumia kama mwavuli. Khalifa Umar bin Khattab alikuwa safarini kwenda Sham (Syria), alipofika Sargh akaambiwa mbele kuna tauni. Akaamua kurudi na watu wake. Jemadari wake Abu Ubayda akamuuliza: unaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Umar akamjibu: naam, tunaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Akampa mfano wa mwenye ngamia kwenye bonde lenye pande mbili, moja ina majani na nyingine kame. Popote utakapowalisha umewalisha kwa kadari, lakini mchungaji mwenye akili anajua aende upande gani.

Kubadilisha breki nako ni kadari.

Halafu watu wanachanganya kudra na kadari. Kudra (wengine kudura) ni uwezo wa Mungu. Kadari ni kipimo, kile alichokadiria. Humohumo ndimo mlimotoka kadiri, makadirio na kukadiria, hata Lailatul Kadri. Fundi anapokukadiria gharama za paa anatumia neno la mbinguni.

#17 Ngedere Mzee
Ndiyo maana makadirio ya mafundi hakuna binadamu anayeyaelewa.

#18 Kalamu Butu
Ustadhi, na ile kanga "jitihada haiondoi kudura"? Ile si inampa tajiri mwavuli?

#19 Ustadhi Mbagala
Haiondoi, ndiyo. Haikusema usifanye jitihada.

#20 Fundi Saa
Ustadhi umekimalizia kisa njiani. Abu Ubayda alibaki na jeshi lake na tauni ileile ikamchukua. Umar aliyerudi alichomwa jambia akiwa anasalisha Alfajiri Madina mwaka 644, miaka kama mitano hivi baadaye. Kwa hiyo aliyekimbia na asiyekimbia wote ajali zao ziliwafika, tofauti ni tarehe. Sasa tuambie, alikwepa nini?

#21 Ustadhi Mbagala
Aliwakwepesha watu wote aliorudi nao. Hesabu na wao.

#22 Mtumishi wa Mbeya
Bwana asifiwe wadau. Ushahidi mwingine, huu wa upande wetu. Biblia ya Kiswahili ile ya Union, ya 1952, Isaya 65:11. Nabii anawakemea watu waliomwacha Bwana, wanaandika meza kwa ajili ya Bahati na kuijazia Ajali vyombo vya divai. Bahati na Ajali kwa herufi kubwa, maana hapo ni miungu! Nikiwa sekondari nilikuwa najiuliza ni watu gani hao wanaoinywesha divai ajali ya gari. Kumbe wafasiri waliandika kwa Kiswahili cha babu yake mleta mada.

Mhubiri naye (9:11) anasema wenye mbio si wanaoshinda, wakati na bahati huwapata wote. Hapo mchungaji wetu hukimbia haraka kwenda mlango wa kumi.

#23 Mama Ntilie Halisi
Jamani mbona mmepita juu ya chakula? "Kuandika meza"! Bibi yangu alikuwa akituambia "andikeni chakula", yaani pangeni sahani, tengeni. Kuandika kulikuwa kupanga vitu mahali pake kabla hakujawa mambo ya kalamu. Hata kumwandika mtu kazi. Sasa mnaposema "ndivyo alivyoandikiwa", nyie mnaona daftari, mimi naona meza. Umekuta sahani yako imeshatengwa, kuna dagaa. Ukile au ukiache.

#24 Mwalimu Mstaafu, Kilifi
Mama Ntilie, umenifundisha. Miaka 34 darasani na sikuwahi kuliunganisha hilo.

#25 Mtoto wa Makunduchi
Ni zuri lakini si kweli kwa hapa. "Kuandikiwa" ya majaliwa inatoka kwenye dini: kalamu na lauhi, ule ubao wa mbinguni. Iko hadithi ya Mtume kwamba kalamu zimeinuliwa na kurasa zimekauka. Hapo hakuna dagaa.

#26 Mama Ntilie Halisi
Basi kula wino.

#27 Msomi Asiye na Kazi
Mnaonaje tukiliangalia kwa upana? Kila watu wana picha yao. Wagiriki wa kale waliita Moira, na maana yake hasa ni fungu, sehemu ya mtu. Wakaifanya wanawake watatu: Klotho anasokota uzi wa maisha, Lakesis anagawa, Atropos anakata. Warumi wakaita fatum, "lililonenwa", ndimo Waingereza walimopata neno lao. Sisi tumechota kila kisima: nasibu ni fungu, kismati ni mgawo, kadari ni kipimo, majaliwa yanatoka kwenye kujaalia (Mungu kufanya iwe), hatima ni mwisho, ndugu wa kuhitimu na hitima. Na ya kwetu wenyewe ipo: "fungu la kukosa". Hiyo ni Moira wa Manzese.

Kwa hiyo hatujapungukiwa. Ajali ikienda kwa magari, iende.

#28 Wakili wa Mchangani
Tatizo ni kwamba haya maneno hayakai mahali pamoja. Gazeti likisema "hatima ya mshitakiwa kujulikana kesho", huwezi kuweka "majaliwa ya mshitakiwa". Hatima anaitoa hakimu. Majaliwa hayakatiwi rufaa.

#29 Bi Ruwi
Na nasibu huku ni mume. Binti akichelewa kuolewa wanasema kismati na nasibu, nasibu yake haijafika. Kwenu naona ni bahati nasibu tu, ya kuchezea pesa.

#30 Kijana wa Mikeka
Mmenitaja? Mechi kumi na moja, tisa zimeingia, ya kumi imetoka sare dakika ya 94. Mkeka umechanika. Nipeni neno la hiyo.

#31 Ngedere Mzee
Ujinga. Halina asili ya Kiarabu.

#32 Kongo Moya
Jambo bandugu. Kwetu Lubumbashi motokari zikigongana tunasema aksida, Kifaransa kile. Ajali tunaisikia ku redio tu. Kwa hiyo yetu haina Mungu ndani, aksida ni ya shofa. Lakini msifurahi, mutu akikufa kwa aksida bado watatafuta nani alimutupia. Hakuna kifo kyenye kinakosa mwenyewe.

#33 Shangazi wa Nyakabungo
Umesema kweli Kongo Moya. Hapa Kanda ya Ziwa pia, mnasema majaliwa mchana, usiku mnaenda kwa mganga kuuliza nani. Anayeamini imeandikwa angelala.

Mimi ni mtu wa ziwa. MV Bukoba ilipozama, Mei 21, 1996, nilikuwa Mwanza. Mpaka leo nikiisikia tarehe ile natulia kwanza. Halafu MV Nyerere pale Ukara, Septemba 2018, kivuko cha watu 101 na waliokufa walizidi 200. Ukiniambia hiyo ni ajali kwa maana ya yule mzee wa mleta mada nitakuuliza: Mungu ndiye aliyekuwa anakata tiketi?

Lakini nisiwe mnafiki. Novemba 6, 2022 ndege iliposhukia majini Bukoba ilikuwa na watu 43, wakafa 19. Kati ya waliowahi kufika na kusaidia kuokoa ni kijana mvuvi. Jina lake Majaliwa. Nilipolisikia redioni nilikaa chini.

#34 Fundi Saa
Shangazi, ukanda wote huo umejaa akina Majaliwa. Mpaka waziri mkuu wa wakati huo alikuwa Majaliwa. Ukiita sokoni watageuka watatu.

#35 Shangazi wa Nyakabungo
Najua mwanangu. Nilikaa chini hata hivyo.

#36 Mzee wa Likoni
Hamjambo. Mimi ni wa feri. Mtongwe, Mombasa, feri ilipozama tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi, watu 272 walikufa, na feri ilikuwa imejaza kupita kiasi. Jirani yangu alishafika gatini, akakumbuka ameacha kitambulisho cha kazi, akarudi nyumbani huku akimtukana mkewe kwa kukihamisha. Ile feri hakuipanda.

Kwa miaka alikuwa akisema ajali yake haikuwa imefika. Mkewe alikuwa akisema: "Kilichokuokoa ni mimi kufagia." Sijawahi kujua nimuunge mkono nani, na wote wawili wameshaondoka, kila mmoja kwa siku yake, kitandani.

#37 Dereva wa Masafa
Mzee wa Likoni, mimi nampa mama kura.

#38 Mwalimu Mstaafu, Kilifi
Turudi kwa mleta mada. Kalamu Butu, barua inasema "ajali yake imemfika". Angalia "yake". Ajali ya gari haina mwenyewe kwa namna hiyo; mtu "hupata ajali". Ajali ya kuandikiwa ndiyo yenye mwenyewe. Kwa sarufi, lori limekufa.

#39 Fundi Saa
Mwalimu, kwa mtu wa Pangani wa 1956, hata aliyegongwa na lori ajali yake imemfika. Sarufi haikuambii alikufaje. Inakuambia tu mwandishi aliamini nini.

#40 Msomi Asiye na Kazi
#39 hapo umegonga msumari.

#41 Kalamu Butu
Wakuu asanteni. Leo nimepiga simu Pangani. Nina mashangazi wawili waliobaki wa rika la baba.

Shangazi mkubwa: "Lori gani? Bibi alikuwa na homa siku tisa. Nilikuwa mdogo lakini nakumbuka harufu ya mwarobaini."

Shangazi mdogo, dakika kumi baadaye: "Homa alikuwa nayo, ndiyo. Lakini alikuwa anapelekwa hospitali, na walimbeba kwenye lori la mkonge. Alifia njiani, kabla ya kivuko."

Nikamuuliza rangi. Akasema usiku ule hakuna aliyeangalia rangi.

#42 Ngedere Mzee
Kwa hiyo lori lipo!

#43 Wakili wa Mchangani
Lipo, ila limefutiwa mashitaka.

#44 Mtoto wa Makunduchi
Siku tisa za homa, akafia kwenye gari. Hiyo mtaiandika ajali ipi?

#45 Mama Ntilie Halisi
Kalamu Butu, mtume mtu Pangani na simu yenye kurekodi kabla hao mashangazi hawajachoka. Na kanga mbili mbili, usiende mikono mitupu.

#46 Kalamu Butu
Naenda Jumamosi. Kanga nachukua Kariakoo kesho. Maandishi gani wadau?

#47 Kijana wa Mikeka
"Riziki kama ajali".

#48 Bi Ruwi
Kwa wazee wa miaka themanini? Wape yenye maua, na jina dogo la heri.